Namba Kabla ya Dadu

"Sishuki," Assani akasema, akazirudisha dadu mbili mezani bila kuzirusha.

Kalenga alibaki na kidole juu ya daftari. Siku tatu, kati ya mteja na mteja, alikuwa akiutunga mchezo huu: mgodi, mvua, shimo jipya la mita arobaini, na mkuu wa timu anayeuliza nani atatangulia. Kurasa kumi na moja zilieleza yanayotokea huko chini. Kuhusu mtu anayekataa kushuka hakuwa ameandika hata mstari mmoja.

Mlangoni Mwanabibi, mke wa Assani, aliacha kuchambua maharagwe. Ni yeye aliyemfuata Kalenga siku ya Alhamisi, pale sokoni anapowaandikia watu barua na kuzichapisha.

"Shemeki, lundi Assani na benzake batashuka mu ile puits, ile shimo ya mupya ya Kamatanda," alimwambia. "Mvua imenyesha, udongo iko mubaya. Miye nimesema mpaka nimechoka. Weye anakusikiaka, mukiwa mu muchezo."

Kalenga akaahidi kujaribu kumzuia kabla ya Jumatatu hiyo. Ilikuwa miaka minne sasa tangu mteja mmoja alete kijitabu cha Kifaransa cha kuchapisha, chenye sheria za mchezo wa kusimulia kwa dadu, naye akajibakizia nakala. Mmoja anasimulia dunia, mwenzake anakuwa mtu ndani yake na kuchagua atakalo. Kila Jumapili mchana Assani, mchimbaji kwa siku sita zilizobaki, alikuwa mfalme, au mwizi wa ng'ombe, au fundi wa saa. Leo Kalenga alimpa kuwa mchimbaji. Alikuwa amepanga shimo liporomoke, dadu ziseme zitakavyosema, ili Assani afie mezani, aingiwe na hofu, na Jumatatu abaki nyumbani. Na sasa mtu wa Assani alikuwa amekataa kufa.

"Basi nimeacha shimo," Assani akaendelea. "Naenda Kakanda, naomba kazi ku kampuni. Namba ngapi?"

Kwao, kabla ya dadu kurushwa, msimulizi hutaja namba ambayo jumla ya dadu mbili lazima iifikie ili jambo lifanikiwe, na anayeitaja hadanganyi. Sheria nyingine zote za kijitabu walikwisha kuzipindapinda walivyotaka, lakini hii hawakuigusa.

"Tano," Kalenga akasema. "Tano kwenda juu."

Assani alimtazama bila hasira. "Weye njo unaandikaka zile demande. Zangu uliandika ngapi?"

"Saba."

"Na balijibu ngapi?"

Kalenga alizijua kwa moyo barua zile za kuomba kazi. Maneno ya heshima yalikuwa yale yale, yeye hubadilisha jina na tarehe tu, na karatasi humtoka mkononi ingali na joto la mashine. Aliona aibu, kana kwamba ni yeye aliyezinyima majibu.

"Sita mbili," akasema.

Dadu zikaleta tatu na tano.

"Nalima mahindi, basi. Ile shamba ya yaya wa mama, ule mukubwa wake."

"Ile shamba baliweka clôture ya waya, hakuna kuingia," Kalenga akasema taratibu. "Kumi na moja."

Zikaleta sita.

"Mupe pikipiki," Mwanabibi akadakia kutoka mlangoni. "Abebe bantu."

"Pikipiki ya nani?" Kalenga aliuliza, na papo hapo akajichukia.

Mwanabibi alirudi kwenye maharagwe yake. Assani akazikusanya dadu, akazishika tu.

"Na kushuka mu shimo, kisha kupanda muzima? Namba ngapi?"

Kalenga alifunga daftari. Alitamani aseme kumi, aseme sita mbili, aseme lolote. Lakini aliwaona wachimbaji kila jioni wakirudi na baiskeli zao, wekundu kwa vumbi kuanzia kichwani hadi miguuni. Wengi wao hurudi. Assani alijua hilo kuliko yeye.

"Tatu kwenda juu," akasema. Yaani ni moja na moja tu ndiyo inayoua.

Assani akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Lakini ni kila siku, Assani. Kila siku unarusha."

"Najua. Na kula pia iko kila siku." Akasimama, akamshika bega. "Ulitunga muchezo muzuri, muzee." Hakusema kwa kejeli. Kalenga alitamani angalau angekejeli. Assani akatoka kwenda uani kuitazama taa yake ya kichwani ya mgodini, ambayo mkanda wake ulikuwa umelegea.

Mwanabibi aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akaja kukaa kwenye kiti cha mumewe. Miaka yote minne hakuwahi kukaa pale. Akazichukua dadu.

"Na ule mwenye anabakia ku nyumba," akasema, "anangoja mangaribi bwana yake arudi? Yeye, namba yake iko ngapi?"

Mwanabibi alifumba kiganja akaanza kuzitikisa dadu polepole, macho yakiwa juu ya Kalenga, akingoja aitaje.