Ujazo wa Chungu

Hezroni alipoteuliwa kuwa mkurugenzi wa makumbusho madogo ya ufinyanzi pale Matema, hakufurahia cheo. Alifurahi kwa sababu alidhani kwamba hatimaye amepata njia ya kupatana na mama yake.

Awali alikuwa mbunifu wa bidhaa katika kiwanda cha plastiki jijini Dar es Salaam. Ndoo yake ya kwanza, yenye tumbo pana na mdomo uliopinduka nje, aliichora akikumbuka vyungu ambavyo mama yake, Felista, alivipeleka kwa mtumbwi kwenye soko la Lyulilo. Huko chungu kilinunuliwa kwa mpunga: mkulima alikijaza hadi mdomoni, akammiminia mfinyanzi mpunga huo, kisha akaondoka na chungu kitupu. Hezroni aliifanya ndoo ilingane na chungu hicho kwa ujazo pia, akiamini kwamba anamheshimu mama. Kiwandani alipewa tuzo. Lyulilo, wakulima waligundua upesi kwamba ndoo inabeba kiasi kile kile, ni nyepesi kichwani na haivunjiki. Felista alirudi nyumbani na mtumbwi uliojaa vyungu, akarudi nao tena, kisha akaacha kuchimba udongo. Hakumlaumu mwanawe. Aliacha tu kumuuliza habari za kazi.

Sasa ufunguzi ulikaribia na hapakuwa na chungu hata kimoja cha Felista. Nyumbani kwake vilibaki vigae, maana vizima viliuzwa vyote na vyenye nyufa ndivyo vilivyopikiwa hadi vikaisha. Hezroni alikipata kimoja kijijini Busale, kwa mkulima aliyeitwa Tulinagwe, ambaye alikitumia kuhifadhia mbegu. Akafuata desturi: alikwenda na mpunga katika ndoo yake ya zamani, akaumimina. Chungu kilijaa barabara na ndoo ikabaki tupu.

Tulinagwe alicheka. “Mkurugenzi, mpunga ninao tele. Rudi nao. Niachie hiyo ndoo, uchukue chungu chako.”

Hezroni akaiacha.

Siku moja kabla ya ufunguzi alimleta mama. Chungu kilikuwa ndani ya kisanduku cha kioo, taa ikikimulika kutoka juu, na chini yake kadi yenye jina la Felista. Pembeni aliweka kiti, ili kesho mama aketi hapo na wageni wamsalimu. Felista alitazama kwa muda, akaomba kioo kifunguliwe. Hezroni akamweleza kwa upole kwamba hairuhusiwi kukishika chungu.

“Ndani mna nini?”

“Hamna kitu, mama.”

“Basi ondoa jina langu, baba.”

“Mama, ni chako. Alama ya kidole chako ile pale, chini ya mdomo.”

“Mimi nilifinyanga cha kuwekea maji,” alisema Felista. “Hiki cha kutazamwa umekifanya wewe. Andika lako.”

Hakuketi. Alikataa hata chai, akaomba apelekwe ufukweni kabla mtumbwi wa kwao haujaondoka.

Kesho yake kadi ilikuwa nyeupe, bila jina lolote. Kwenye kiti cha Felista mgeni mmoja alikuwa ameweka mkoba wake. Wageni walisifu kioo, wakasifu taa na namna kivuli cha chungu kilivyoangukia ukutani, wakauliza ni nani aliyebuni haya yote.

“Ni mimi,” alijibu Hezroni, nao wakampigia makofi.