Ukuta Nyuma ya Kiti

Kila alipokata kona ya kushoto, goti la Ingvill liligonga usukani, na kila lilipogonga alisema "samahani," kana kwamba usukani ndio ulioumia. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa msichana wa kuuomba radhi hata mlango aliojigonga mwenyewe.

Na kona zilikuwa nyingi. Barabara ya kwao hufuata fjodi, ule mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, upande mmoja mwamba, upande wa pili maji, na haina kipande kilichonyooka ambapo dereva angeweza kupumua. Ingvill aliipita siku zote za kazi, kutoka shule moja ya bondeni hadi nyingine, akifundisha watoto kupiga chelo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huketi na kuibana katikati ya magoti. Alifika kwa kila darasa akichechemea. Watoto walidhani ndiyo mwendo wake.

Gari alipewa na baba yake, Torgeir, siku alipohitimu chuo cha muziki. Torgeir alikuwa seremala, na alilishughulikia gari hilo kwenye karakana yake majira yote ya baridi. Aling'oa viti vya nyuma, akafunga ukuta wa bati mgongoni mwa viti viwili vya mbele, nusu bati nusu wavu, hadi kwenye paa. Baada ya hapo vibao vyeupe vya namba viliondolewa, vikawekwa vya kijani. Siku ya kukabidhi alilizungushia gari utepe mwekundu.

"Vibao vya kijani, mwanangu!" alisema, akivipangusa kwa mkono wa sweta. "Sasa hili ni gari la mizigo. Kodi yake kiduchu, majirani watalia. Na sheria inataka nini? Inataka lile sanduku lao la kupimia nafasi ya mizigo liingie huku nyuma. Basi. Limeingia! Mkaguzi mwenyewe kasema hajaona kazi safi namna hii."

Sanduku liliingia, ndiyo. Kilichokosa nafasi ni miguu ya Ingvill.

Kwa sababu ya ukuta ule, kiti hakikuweza kurudi nyuma wala kulala. Kilisimama wima kama benchi la kanisani, na dereva akabaki kakunjwa kati ya bati na usukani, magoti juu, kidevu mbele. Torgeir hakuyajua hayo. Yeye alikuwa mfupi na mnene, na akiketi mle alitoshea kama yai kwenye kikombe chake. Ingvill alikuwa amerithi kimo cha mama yake, Gudveig, ambaye alipaswa kuinama kila alipotaka kumbusu mumewe.

"Vipi, linakwenda?" Torgeir aliuliza kila Jumapili.

"Linakwenda vizuri sana, baba."

Angesema nini? Alijaribu kuendesha bila viatu, kwa soksi, hata theluji ilipokuwa imeanguka. Alijaribu kuketi upande upande. Alitoa zulia la miguuni ili apate unene wa kidole tu wa nafasi, akaishia kulowa maji ya theluji. Ilipofika Krismasi, Torgeir alimletea zawadi nyingine: mto mnene wa kuegemeza mgongo, umefungwa kwa karatasi yenye nyota.

"Nimeona unajishikashika kiuno," alisema kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo.

Mto ule ukamsukuma Ingvill mbele zaidi. Sasa goti liligonga usukani hata kwenye kona za kulia.

Jioni moja mama yake alimkuta amelala chali sakafuni jikoni, miguu juu ya kiti.

"Mwambie baba yako," Gudveig alisema, akimruka ili afikie birika.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye mkewe."

"Mimi nilipanda mara moja tu, nikamwambia harufu ya petroli inanichafua roho. Tangu siku hiyo napanda basi."

"Kwani inakuchafua kweli?"

"Hainichafui hata kidogo. Lakini nimeshasema, siwezi kupona ghafla."

Walicheka, na kucheka kukamuumiza Ingvill mgongo.

Jambo lililomnyima raha lilikuwa moja. Okestra ya Bergen ilikuwa inatafuta mpiga chelo, na yeye alikuwa ameitwa kujaribiwa, Jumamosi mchana. Nafasi kama hiyo hutokea mtu mmoja anapostaafu, na anayeipata huikalia hadi naye azeeke. Alikuwa amefanya mazoezi hadi ncha za vidole zikawa ngumu kama pembe. Lakini kutoka kwao hadi Bergen ni asubuhi nzima ya kona, pamoja na feri, na kila alipoendesha mwendo mrefu ganzi ilianzia kwenye nyonga ya kulia, ikashuka hadi vidoleni, kisha mgongo ukakaza na mkono unaoshika upinde wa chelo ukaanza kutetemeka. Angefika akiwa na vidole vyema na mwili uliokufa nusu.

Alitaka kwenda Ijumaa, akapumzike. Lakini Ijumaa wanafunzi wake walikuwa na tamasha. Alifikiria basi, lakini la Jumamosi lingefika mambo yameisha. Halafu Torgeir akatangaza kwamba anakwenda naye.

"Basi, baba... labda uendeshe wewe?" Ingvill alisema kwa sauti ndogo asubuhi ya Jumamosi uani.

"Mimi? Gari lako, siku yako! Mimi leo ni abiria wa heshima." Torgeir alikuwa amevaa koti la harusi, na mkononi alishika mkate wa jibini ya kahawia uliofungwa kwenye karatasi. Aliketi, akafunga mkanda, akapiga dashibodi kofi la mapenzi. "Twende."

Njia nzima alizungumza. Alisifu injini. Alisifu ule ukuta, jinsi usivyotoa hata mlio mdogo kwenye mashimo. Alimweleza tena habari za mkaguzi na sanduku. Ingvill aliitikia "ndiyo, baba" na "kweli, baba," na ndani yake kitu kilikuwa kinachemka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Goti liligonga. Samahani. Liligonga tena. Walipovuka daraja la mwisho kabla ya kivuko, aliacha kuusikia unyayo wake wa kulia. Aliutazama. Ulikuwa bado upo.

Feri ilikuwa imeshafungua mdomo. Kijana mwenye koti la njano alimpungia mkono: njoo, njoo, njoo, mbele kidogo, nyuma ya lori la samaki. Kisha akanyanyua kiganja: simama.

Ingvill alikanyaga breki, au alidhani amekanyaga. Mguu ulikuwa kama gogo, hauna habari ya kitu ulichokigusa. Uliteleza. Gari liliruka mbele badala ya kusimama, na Torgeir, ambaye alikuwa katikati ya sentensi, alinyakua breki ya mkono na kuivuta kwa nguvu zake zote. Injini ikazima. Kati yao na lori pangeweza kupita kitabu, tena chembamba.

Kijana wa koti la njano aligonga kioo. "Dada, unataka kufika kabla ya feri?"

"Samahani. Samahani sana."

Kijana akaenda zake akitikisa kichwa.

"Nini kimetokea?" Torgeir aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Ingvill."

"Mguu. Siusikii."

"Tangu lini?"

"Tangu darajani."

"Sikuulizi leo. Nakuuliza tangu lini."

Ingvill alitazama mkia wa lori, palipochorwa samaki anayecheka. "Tangu uliponipa gari."

Alifungua mlango na kujivuta nje, akaushika ukingo wa paa kwa mikono miwili, maana goti lilikataa kumbeba. Torgeir alizunguka mbio. Uso wake ulikuwa mwekundu, na maneno ya kwanza yaliyomtoka hayakuwa mazuri.

"Utakuwa unakaa vibaya. Mimi nimeliendesha hadi Oslo, sikuumwa hata ukucha!"

"Kwa sababu wewe ni mfupi, baba!"

Ilimtoka kwa sauti ambayo hakujua anayo. Iligonga kuta za chuma za feri, ikarudi. Mama mmoja aliyekuwa anakula svele, zile chapati nene tamu za kwenye feri, aliacha kutafuna. Ingvill alitamani bahari immeze na gari lake.

Lakini maneno yalikuwa yameshapata njia. "Wewe mfupi, mimi mrefu! Hiki kiti hakirudi nyuma, hakilali, na ule mto wako ndio unanimaliza kabisa! Nafundisha nimesimama kwa sababu nikikaa siinuki. Leo nakwenda kuketi mbele ya watu wanaoweza kunipa kazi ya maisha yangu, na mguu mmoja sina! Kwa ajili ya sanduku! Sanduku lenyewe halijawahi hata kupanda gari hili tena!"

Torgeir aliingiza mkono kwenye mfuko wa mlango, akatoa futi yake ya mbao ya kukunja.

"Kaa," alisema.

"Baba, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Kaa."

Aliketi. Torgeir alipiga magoti kwenye sitaha yenye maji, na suruali yake ya harusi. Alipima kutoka kwenye bati hadi pedali. Alipima kutoka kwenye nyonga ya binti yake hadi kisigino, taratibu, kama anapima mbao ya bei ghali. Akarudia.

Kijana wa koti la njano alikuwa amerudi kukagua tiketi. "Mzee, unapima jeneza?"

"Napima ujinga," Torgeir alijibu bila kugeuka. "Ni wangu, kwa hiyo nataka kujua urefu wake."

Alibaki pale chini na futi yake. "Zimepungua sentimita kumi na moja," alisema. "Nikikosea nusu sentimita kwenye dirisha la mtu, silali usiku. Na mtoto wangu mwenyewe nimempunja kumi na moja." Alimtazama. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulilifunga utepe," Ingvill alisema, na sasa machozi yakaja.

Torgeir alikohoa, akatazama maji. "Na mama yako? Ile harufu ya petroli?"

"Muulize mwenyewe."

"Aa," alisema Torgeir. "Aa. Na yeye!"

Alikwenda zake kwa hatua fupi za hasira. Ingvill hakujua hasira ile ni ya nani. Aliporudi, mkono mmoja ulishika svele mbili na mwingine spana. Svele alimpa binti. Spana aliipeleka kwenye nati ya kwanza ya ukuta, na hapo mkono ukasita. Ingvill aliuona ukisita. Baba yake hakuwahi kuzidisha mwendo hata kwa kuteleza mteremkoni. Kuendesha gari la vibao vya kijani bila ukuta kungekuwa wizi wa kodi, na yeye alijua.

"Acha, baba. Tutakamatwa."

"Jumatatu," alisema akiishusha spana. "Jumatatu naung'oa, nakwenda kulipa kodi yao yote, na vibao vyeupe vinarudi. Leo naendesha mimi. Hamia upande ule usio na pedali." Alichomoa mto wa Krismasi, akautupa nyuma ya wavu, mahali palipokuwa na nafasi tele.

Alimpeleka hadi Bergen bila kusema neno juu ya injini. Ingvill alinyoosha mguu mshazari kadiri alivyoweza, akausugua. Uhai ulirudi kwa kuchomachoma kama sindano, na mgongo ulilegea nusu tu. Nusu ingetosha, au isingetosha. Kila baada ya kona kadhaa Torgeir alinong'ona, "Kumi na moja!" na kupiga usukani.

Waamuzi wa okestra walikuwa wameketi nyuma ya pazia refu jeusi, wasikie muziki tu, wasimwone anayepiga. Mhudumu mwenye viatu vya raba alimwongoza Ingvill hadi kwenye kiti kilichowekwa katikati ya jukwaa, akainama kumnong'oneza.

"Kinakufaa?"

Ingvill aliketi. Magoti yalipanda juu, kiuno kikazama nyuma. Alikuwa anakijua kiti hiki. Alikuwa amekaa ndani yake mwaka mzima. Na mdomo wake ulikuwa tayari na lile neno lake la siku zote, vizuri sana, limekaa kwenye ncha ya ulimi.

"Hapana," alisema.

Lilitoka kwa sauti kuliko alivyokusudia. Nyuma ya pazia mtu alikohoa.

"Ni kifupi mno, tena kinalalia nyuma. Naomba kingine."

Mhudumu aliondoka, akarudi na kingine. Ingvill aliketi, akainuka. "Hiki pia hapana."

Nyayo za raba zilikwenda mbali, zikatafuta, mahali fulani kitu kikaburutwa. Mashavu yake yaliwaka. Alisimama akikumbatia chelo yake na kusubiri, na muda ulikuwa mrefu.

Cha tatu kilikuwa cha mbao, kirefu, cha zamani, kimechubuka miguu. Aliketi. Nyayo zake zote mbili zilitua sakafuni, na zote mbili alizisikia.

"Hiki," alisema.

Hakuomba radhi. Alinyanyua upinde.