Kimea cha Mama Anjela

Mwanamke wa Ufipa akikuta ulezi umeloweshwa kwenye beseni, haulizi. Anauchuja, anaumwaga kikapuni, anaufunika kwa magunia mazito, na baada ya siku kadhaa kimea cha kutengenezea kinywaji cha togwa kiko tayari. Ndivyo alivyofanya mama Anjela nyumbani kwake, karibu na Mwimbi, alipoliona beseni la binti yake.

Binti mwenyewe, Stefania wa watu, alikuwa amekwenda Sumbawanga kununua deli, lile kasha la kutunzia baridi, la kubebea majani mabichi, mvua ikakata barabara, akakwama huko. Mbegu zile zilikuwa za marehemu bibi yake, za mwisho kabisa. Alitaka zichipue kwenye mwanga, apeleke majani yake chuoni. Kazi yake ya shahada ilikuwa kutambua protini zilizomo kwenye kloroplasti, vile vichembe vya kijani ndani ya seli za jani vinavyoupikia mmea chakula, na kueleza kila protini ina kazi gani. Bila majani ya kijani, shahada ingemponyoka.

Aliporudi alifunua kikapu cha kwanza kati ya viwili alivyojaza mama yake ghalani. Machipukizi yalikuwa marefu, legelege, ya manjano kwa kukosa mwanga. Akakibeba hadi uani, akakibwaga juani, akamwambia mama yake maneno ambayo mtu hamwambii mzazi, kisha akajifungia chumbani akalia. Kulia ni haki yake, lakini yale maneno hapana, naye alilijua hilo.

Mama Anjela alikifuata kikapu uani. Akakinyunyizia maji, maana hapendi kuona kitu kikikauka bure, akaendelea kupukuchua mahindi.

Jua lilipoanza kuinama, Stefania alitoka kwenda kuomba radhi. Njiani macho yake yakaangukia kikapuni, akasimama. Majani yalikuwa yameanza kuwa ya kijani. Kloroplasti zilikuwa zinajengwa pale pale uani, na haziwezi kujengwa bila protini. Akiyalinganisha majani ya gizani na haya ya juani, angeona ni protini zipi zinazoingia kazini mwanga unapogusa jani, na kila moja inaanza na shughuli gani.

Akampigia simu msimamizi wake wa chuoni, Dakta Modesti, akamweleza wazo hilo. Dakta akasema swali hilo ni zuri kuliko lile la kwanza, mradi awe na majani ambayo hayajaona mwanga hata kidogo.

Stefania akakimbilia ghalani. Mama Anjela, aliyetaka kurekebisha mambo kwa kukitoa nacho juani, alikuwa ameinamia kikapu cha pili, mkono umeshika gunia.

"Mama, usifunue."

"Si umesema nimekuharibia?"

"Nisamehe, mama. Nilikukosea adabu. Hayo ya gizani ndiyo ninayoyahitaji."

Mama Anjela akalikandamiza gunia kwa mikono yote miwili. Kisha akauliza kama aongeze na jingine.