Gonga Kopo Nisikie

Mwaka wa kwanza niliandika malalamiko yangu kwa upole. Mwaka wa sita niliandika nikiwa nimesimama, mkono mmoja kwenye pasi ya hospitali, mvuke wa mashuka ya wodi ukinipiga usoni, na upole ulishaniishia zamani.

Grupu letu la simuni ni la wapanda maua kwenye makopo: ya rangi, ya maziwa, ya mafuta. Kila mwaka tunatoa tuzo ya Kopo Bora, na kila mwaka ilikuwa hivyo hivyo. Unaweka picha, mwenye alama za moyo nyingi anashinda. Yaani anashinda mwenye simu nzuri na ndugu wengi. Matokeo yote ninayo, nimeyahifadhi, na mshindi wa mwaka wa tatu alikuwa na ua la plastiki. Nilisema. Nikaambiwa nina gubu.

Ba'mkubwa, anayekaa chumba chetu cha nyuma, haoni. Alikuwa fundi saa mpaka macho yalipomgomea. Grupuni ndiye daktari wa kila mtu. Mmea wako ukinyauka unamtumia ujumbe wa sauti, naye anajibu vile vile siku zote: gonga kopo nisikie. Unagonga kwa kijiko. Anajua kama udongo umekauka au maji yametuama, anakupa dawa. Nusu ya makopo yaliyoshinda yalipita masikioni mwake. La kwake halijawahi kufikisha alama kumi, maana mpiga picha ni mimi, na simu yangu ina ufa katikati ya jicho la kamera.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, aliponichoka alileta suluhisho: tuzo maalumu ya heshima kwa mwenzetu asiyeona. Ba'mkubwa akataka nimsomee mara mbili.

"Mwambie heshima sijaomba," akasema. "Nataka kopo langu lipangwe na ya wenzangu."

Nikaandika tena. Wiki tatu, kila nikitoka zamu. Mwishowe wakakubali, nadhani ili ninyamaze: majina yafichwe, picha zipigwe mbele ya ukuta mtupu, kila mtu aeleze mmea wake kwa maandishi na kurekodi mlio wa kopo likigongwa, na waamuzi wawe watano badala ya alama za moyo. Nikaazima simu ya jirani, tukalipeleka waridi lake kwenye kopo la rangi.

Akawa wa tatu.

Sijamaliza kumsomea matokeo nikawa nimeshaanza malalamiko. Mwamuzi mmoja ni shemeji wa Mwenyekiti, ushahidi ninao. Ba'mkubwa akauliza ninaandika nini. Nikamwambia. Akasema niweke kwanza mlio wa mshindi.

Akausikiliza mara tatu. Kisha wa kwake.

"Huyu mama kanishinda," akasema. "Udongo wake unapumua. Wangu nimeushindilia."

"Ba'mkubwa, yule mwamuzi..."

"Nimekuwa wa tatu, mwanangu. Wa tatu kweli. Usininyang'anye."

Nikafuta, mstari kwa mstari. Ushahidi wa shemeji sikuufuta. Ba'mkubwa alishachuchumaa sakafuni, kalilaza kopo, analegeza udongo kwa ncha za vidole kama aliyefungua saa ya mtu, ananiuliza mashindano ya mwakani yanaanza lini.

Nikamwambia asubiri kidogo, nivue viatu vya zamu kwanza.