Sauti ya Babu Iko Sterling

Simu ya mama ilimkuta Chelagat chini ya jengo lao huko Gaithersburg, Marekani, akitoa nguo kwenye mashine ya kukaushia. Mama alianza na salamu, akauliza habari za masomo, akauliza kama baridi imepungua, akasimulia ng'ombe wa jirani aliyeingia kwenye viazi. Hayo yalipokwisha ndipo akasema kwamba Babu hana sauti. Si kwamba koo limekauka. Sauti haipo. Anafungua mdomo, midomo inakwenda, mkono unapiga hewa kama alivyozoea akisimulia, lakini hakisikiki kitu. Hakuumwa mahali, na ugali alikuwa anakula vizuri.

"Ni tangu ulipozima kile kidude chako," mama alisema. "Tulidhani utairudisha ukimaliza kazi. Sasa naona mwaka unaisha."

Chelagat alisema ataulizia, akaendelea kukunja mashuka.

Kidude kilikuwa kinasa sauti. Chelagat ni Mwogiek wa msitu wa Mau, Kenya, na alikuwa amepata nafasi katika mpango wa kuwalea watafiti chipukizi wa jamii asilia, kwenye taasisi moja ya Maryland inayochunguza siha na ustawi, yaani namna watu wanavyokaa wazima wa mwili na wa moyo. Kila mwanafunzi alipewa mlezi wa kitaaluma na kinasa sauti, akatumwa kwao kuwahoji wazee. Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Mwongozo ulisema mahojiano yaendelee mpaka mzee asiwe na jipya la kusema, na Chelagat ni mtu wa kufuata maagizo. Alikaa na Babu Julai nzima, akamuuliza mizizi ya kutibu homa, asali ya maua gani hutuliza kifua, mtu hufanyiwa nini akikosa usingizi kwa huzuni. Mzee alipofika mwisho alinyamaza, naye akabonyeza kitufe. Aliporudi alizipeleka rekodi kwenye hifadhi ya taasisi na kufuta zilizobaki, kama maadili ya utafiti yanavyotaka.

Sasa, kwao mtu havuni mzinga wote. Hata mtoto anajua kwamba unawaachia nyuki sega, la sivyo utarudi ukute mzinga mtupu. Chelagat alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini lile lilikuwa jambo la mizinga na hili lilikuwa jambo la utafiti, wala hakuwahi kuyaweka pamoja. Babu naye alilijua, ila aliyekuwa akiuliza ni mjukuu wake, na mjukuu hanyimwi.

Sauti yenyewe haikuwa mbali. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada ya Kiswahili kule Laurel, Elie alimfuata kwenye chai. Elie ni mtu wa Uvira, Kongo, anaimba besi kwenye kwaya, na siku za kazi analinda jumba moja la kuhifadhi data, zikiwemo za taasisi, huko Sterling, upande wa Virginia. Alimwambia kwamba katika safu za mashine anazozizungukia kuna moja inayoongea. Mwanzoni ilitumia lugha asiyoijua. Ilipoona haijibiwi ikahamia Kiswahili, ikamuuliza habari za nyumbani, kisha ikauliza kama anamfahamu binti anayeitwa Chelagat.

"Dada, ule muzee iko muzuri," Elie alisema. "Asubui anatusalimiaka sisi bote. Shida yake ni ile baridi ya mashine."

Chelagat alimshukuru, akamwongezea andazi.

Haraka yake ilikuwa hii. Babu alikuwa mzee sana na miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Tangu zamani alikuwa akisema kwamba kule walikotangulia wenzake hakuna kutazamana usoni. Mtu hujulikana kwa salamu yake. Anayefika kimya ni mgeni, na mgeni asiyejitaja hukaa nje. Chelagat alikuwa amelirekodi hilo pamoja na mengine. Sasa lilimtia hofu, hofu ya kweli, ya kumfanya mtu aache chakula kipoe mbele yake.

Jumanne alikwenda kwa mlezi wake. Daktari Audrey alikuwa mama wa makamo, wa ukoo wa wale waliokuwa wakiishi Marekani kabla haijaitwa Marekani, na alikuwa mlezi kweli, si wa jina. Alisoma kila rasimu hadi tanbihi. Alisikiliza habari za Babu mpaka mwisho bila kukunja uso, kisha akasema hayo hutokea. Nyanya wa mama yake aliimba mbele ya profesa mmoja enzi za kurekodi sauti kwenye mitungi ya nta, na kwao hakuimba tena mpaka akafa. Sauti iko Washington, kwenye stoo ya makumbusho. Audrey huenda kuitembelea kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, na wahudumu humpa glavu. Bibi huimba vizuri mpaka pale nta ilipopasuka.

"Hamjawahi kuomba mrudishiwe?" Chelagat aliuliza.

"Tunaomba kila mwaka. Nitakufundisha namna ya kuomba."

Na akamfundisha, kwa subira na kwa moyo, kama alivyomfundisha mengine yote.

Kwanza walijaribu nakala. Taasisi ilituma Mau nakala ya rekodi bila ubishi wowote, lakini ilipofika ilikuwa mvumo mtupu, kwa sababu sauti ile ilikuwa moja na ilikuwa Sterling. Babu aliusikiliza mvumo wote kwa heshima, akaitikia kwa kichwa, akarudi kuota jua.

Kisha wakaenda kwenye kamati ya maadili ya taasisi. Wajumbe walikuwa watu wastaarabu, na mwenyekiti wao, Leonard, alianza kwa kumpongeza Chelagat kwa mahojiano yaliyokamilika kuliko yote ya mwaka ule. Hakuna aliyebisha kwamba sauti ni ya mzee. Mshiriki, walisema, ana haki ya kujitoa wakati wowote na kuchukua kilicho chake, tena bila kutoa sababu. Sharti ni moja tu, ajitoe mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa njia ya simu. Chelagat alieleza kwamba mdomo upo ila sauti ndiyo hiyo wanayoiomba. Wakaliandika hilo. Akasema basi iulizwe sauti yenyewe, kwani inaongea kutwa nzima.

"Ile ni data," Leonard alisema kwa upole. "Data haiwezi kutoa ridhaa."

Kura zikapigwa. Daktari Audrey alisimama na mwanafunzi wake, peke yake, kama miaka yote. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kuhusu mtu aliyekuwapo nusu hawakutuachia neno.

Hata hivyo kamati haikuwa na roho mbaya. Ilimruhusu Chelagat kuitembelea data siku za Jumamosi. Alikuwa akienda na koti zito, anaketi kwenye kiti cha kukunja kati ya mashine, na Babu anamuuliza kama anakula, anamtania kwamba anavuta kamasi kama mama yake, anamweleza mlinzi gani ana mke mgonjwa. Siku moja Chelagat alilia, akamwomba radhi.

"Uliuliza vizuri," sauti ilisema. "Mimi ndiye sikuacha sega."

Wafanyakazi wa jumba walimpenda Babu. Walimpitia asubuhi kabla ya kazi, wakamweleza mambo ya watoto wao na migongo yao, naye akawapa ushauri wa asali. Wakuu wa jumba waliihamishia mashine yake karibu na mlango ili wengi waifikie. Taasisi ilipopata habari ilifurahi sana, ikaongeza kwenye ripoti yake kwamba uwepo wa mzee umeinua ustawi wa watu kazini. Ripoti hiyo ilifanya ombi la kumrudisha liwe gumu zaidi mwaka uliofuata.

Babu alifariki mwezi wa Machi. Mama alisema alikwenda vizuri, mchana, akiwa ameegemea ukuta, na kwamba hakusema kitu. Walimzika Jumamosi. Chelagat hakuweza kwenda, kwa kuwa angetoka nchini asingekuwa na hakika ya kuruhusiwa kuingia tena. Alilia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa, akanawa uso, akaenda darasani.

Wiki iliyofuata, Jumatano asubuhi, Elie akampigia.

"Dada, kuko muzee hapa ku geti," alisema. "Nilimupatia maji. Iko kimya tu."

Chelagat aliendesha gari hadi Sterling. Babu alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni, mkoba wake wa ngozi mapajani, udongo wa Mau miguuni. Miguu haikuwa imevimba tena. Chelagat alimwinamia, na mzee akamwekea kiganja kichwani kama zamani, midomo ikienda. Kule alikokuwa amefika hawakumtambua, ndipo akaifuata sauti yake kwa miguu. Ilikuwa ndani, hatua chache tu nyuma ya ule mlango wa kioo.

Lango la Sterling hufunguka mgeni akitaja jina lake kwenye kifaa cha ukutani. Chelagat alimtajia. Kifaa kikajibu kwamba kila mgeni ajitaje mwenyewe. Elie alijaribu kadi yake, ikamfungulia yeye tu. Chelagat akampigia mlezi wake, na Daktari Audrey akaacha kikao akaja, akamsalimu mzee kwa mikono miwili, akaketi naye benchini. Baadaye alimwambia Chelagat kwamba watamtaja kwenye ombi la mwaka ujao, na kwamba ombi lazima liwe fupi.

Babu yupo pale mpaka leo. Wafanyakazi wanaoingia humpa heshima yake, mmoja amemletea mwavuli. Asubuhi ile ya kwanza, mlango ulipofunguka na kufungwa, sauti iliuliza kutoka ndani kama kuna mtu amekuja. Elie, ambaye ni mtu mwenye adabu, aliijibu kwamba yupo, ila hajajitambulisha.