Kijibwa cha Persis na Mzee wa Upenuni

Mwaka wa sabini na moja Persis alikuwa na miezi mitano tu tangu aolewe katika kijiji cha Nyacheki. Mumewe, Manasseh, alifanya kazi Kericho na kurudi kila mwisho wa mwezi. Basi mama yake mzazi alipomletea kijibwa kutoka kwao Birongo, akiwa amekifunika ndani ya kikapu cha ndizi, Persis alikipokea kwa mikono miwili. Alikiita Polisi, ingawa hakikuwa na ubavu wa kumtisha hata kifaranga.

Taabu ilianza siku ya kuchuma majani chai. Persis alipofunga mlango na kujitwika kikapu, Polisi alilia kama mtu aliyefiwa. Kilio kilimfuata hadi ng'ambo ya kijito, kikamfuata hadi katikati ya michai. Aliporudi, mlango ulikuwa umekwaruzwa na pua ya kijibwa ilikuwa inatoka damu.

"Mfunge kamba kwenye mgomba," akasema mama mkwe wake, Bathsheba. "Atazoea."

Persis alijaribu siku moja, naye Polisi nusura ajinyonge. Akamfungua haraka. "Mama, huyu si mkaidi. Anaogopa. Juzi alikuwa akilala katikati ya ndugu zake sita."

Akakumbuka jinsi walivyomwachisha ziwa mdogo wake kule kwao: mama alimwachia mtoto leso yake, akaenda karibu, akarudi, akaenda mbali kidogo, akarudi. Naye akafanya vivyo hivyo. Akatandika leso kuukuu ndani ya katoni pasipo kuifua, ili ibaki na harufu yake. Akampa Polisi ukoko wa ugali wa wimbi wa kutafuna, akatoka bila kuaga, akafika ghalani, akarudi kabla kilio hakijaanza. Kesho yake akafika langoni. Keshokutwa, kijitoni. Majirani waliomwona akienda na kurudi mikono mitupu walidhani amepotewa na kitu.

Wiki ya pili akachuma asubuhi nzima wala hakusikia kilio. Alifurahi akaimba wimbo wa kanisani peke yake kati ya michai.

Lakini asubuhi moja alisahau gunia, akarudi kulichukua. Alipokaribia nyumba akasikia sauti ya mwanamume. Akasimama nyuma ya migomba.

Alikuwa Obwocha, baba mkwe wake. Mila haikumruhusu mzee kukanyaga kizingiti cha nyumba ya mwanawe, wala yeye na mkaza mwana hawakutazamana usoni. Wakikutana njiani, Persis huchepuka. Sasa mzee huyo alikuwa ameketi juu ya kigogo upenuni, kofia magotini, anazungumza na mlango.

"Nyamaza, mwanangu. Ameenda kuchuma tu. Kikapu hakijai haraka, lakini kinajaa. Atarudi."

Ndani, pua ndogo ilikuwa ikinusanusa chini ya mlango.

Persis alirudi shambani bila gunia. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Kumbe kazi yake yote haikuwa imefaulu. Polisi alinyamaza kwa sababu hakuwa peke yake.

Jioni alikuwa jikoni kwa Bathsheba, wakimenya ndizi. Obwocha alikuwa nje, karibu na dirisha, mahali anapokaa siku zote. Persis, ambaye alimwita mkwewe Tata, yaani baba, akapaza sauti kidogo.

"Mama, mwambie Tata nashukuru kwa kumtuliza Polisi. Ila muulize, kwa nini anajisumbua hivyo?"

Huko nje mzee akakohoa.

"Bathsheba, mwambie mke wa Manasseh hivi. Miezi ile ya kwanza, nikipita na ng'ombe, nilisikia mtu akilia ndani ya nyumba ile. Huyo sikuweza kwenda kukaa mlangoni pake. Mbwa naweza."

Kisu cha Persis kilisimama juu ya ndizi. Hakujua kwamba kuna mtu aliyewahi kumsikia. Akajifuta macho kwa kiwiko.

"Mama, mwambie nimesikia. Lakini Polisi anamzoea yeye, hazoei kubaki peke yake. Siku Tata akienda kwenye baraza la chifu, tutaanza upya. Asogee mbali, kidogo kidogo."

"Mwambie nitasogea."

"Mnanifanya simu," akasema Bathsheba, akacheka hadi ganda la ndizi likamdondoka.

Kesho yake mzee alihamisha kigogo hatua tatu. Siku iliyofuata akakaa ghalani. Polisi aliguna, mzee akakohoa mara moja, akangoja, kijibwa kikanyamaza. Alipohamia zizini alipiga mluzi tu, na baadaye akaacha hata mluzi.

Wiki ya nne, siku ya Alhamisi, Obwocha alipeleka ng'ombe malishoni ng'ambo ya kilima, Bathsheba akaenda sokoni, na Persis akachuma mpaka kikapu kikafurika. Hakuna aliyebaki bomani. Aliporudi alifungua mlango polepole. Polisi alikuwa amelala juu ya leso, miguu juu. Akafumbua jicho moja, akajinyoosha, akaja akitikisa mkia. Persis alitua kikapu kwanza, akanawa mikono, ndipo akainama kumkumbatia.

Jioni, wanawake wakimenya ndizi jikoni, sauti ikatoka nje ya dirisha. "Bathsheba, mbwa alilia?"

"Persis anasema hakulia."

"Na mwenyewe?"

Bathsheba alimgeukia Persis, akamtazama kwa makini.

"Naye hakulia," akasema, akaendelea kumenya ndizi.