Spika za Kumsikilizia Binti

Simu iliita Alhamisi mchana, seremala akiwa na penseli sikioni na vidole vimelowa gundi. Mtaani walimwita Randa, kwa sababu ya kile chombo cha kulainishia mbao ambacho hakikumtoka mkononi tangu ujana. Akaipokea kwa kidole cha mwisho, kile pekee kilichokuwa kikavu.

"Baba! Tutaonyeshwa moja kwa moja kwenye mtandao! Jumamosi, saa kumi jioni! Kwaya nzima!"

Aliyepiga ni binti yake wa pekee. Alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha muziki, mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani, na mwezi huo alikuwa amechaguliwa kuingia kwaya kubwa ya chuo. Waimbaji arobaini, na yeye mmoja wao.

"Tutakuona wewe?" Randa aliuliza.

"Hapo ndipo sijui, baba. Nasimama kushoto, safu ya pili, na aliye mbele yangu ni mrefu kama nguzo ya simu. Msinitafute kwa macho. Nisikilizeni. Naimba sauti ya pili."

Randa aliiacha meza ya mteja ikiwa na miguu mitatu, akafunga karakana, akaenda nyumbani mbio mbio kama mtu aliyesikia kwamba jiko lake linawaka.

Kompyuta yao ilikaa sebuleni. Randa aliitumia kuchorea makabati, na mpaka siku hiyo hakuna aliyeidai sauti. Alipoifungulia mazoezi ya kwaya, ambayo binti alikuwa amewatumia wiki iliyopita, kile kispika kilichojificha ndani ya kioo kikatoa mlio wa mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na sifa yake ilijulikana hospitali nzima: akiwa mwisho wa korido aliweza kusema ni mtoto wa kitanda gani anayelia, na kama analia njaa au analia deko. Akasimama nyuma ya kiti, mkoba begani, akasikiliza.

"Hii si kwaya," alisema. "Huu ni mzinga wa nyuki. Mwanangu yumo humu?"

"Yumo. Ila sauti ya pili haijitangazi. Ni kama fito ndani ya ukuta, inabeba nyumba lakini huioni."

"Basi tafuta namna ya kuiona. Mimi siwezi kukaa saa nzima natazama watoto wa watu wakifumbua midomo."

"Kesho tukatafute spika," Randa akasema, na moyo ukamruka kwa neno lenyewe.

Mama yake Randa, aliyekuwa anachambua vifungo kwenye kochi, aliinua kichwa. "Spika? Wa bunge? Aje kufanya nini humu ndani?"

"Spika za sauti, mama. Za kumsikilizia mjukuu wako."

"Ala! Sema hivyo basi. Na mimi nakuja."

Hakwenda, kwa sababu magoti yalikataa, lakini aliwaagiza wasirudi mikono mitupu.

Ijumaa, mke alipomaliza zamu ya asubuhi, wakaenda wote wawili kwenye duka ambalo kila aliyeulizwa aliwaelekeza. Lilikuwa chumba chembamba na kirefu, nyaya zikining'inia kutoka darini kama mizizi, na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa ikikukaribisha mlangoni. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo aliyechomeka bisibisi kwenye nywele kama kitana. Watu walimwita Fundi Waya.

"Karibuni. Mnataka kusikia nini?"

Randa alitarajia kuulizwa anataka kununua nini. Mkewe ndiye aliyejibu: "Mtoto wetu. Mmoja kati ya arobaini."

Fundi Waya akaweka chini alichokuwa amekishika. "Aa. Hiyo sasa ni kazi."

Lakini macho ya Randa yalikuwa yameshafika kwingine. Pembeni palisimama boksi jeusi, kimo cha mtoto wa darasa la pili, limezungushiwa taa zinazobadilika rangi. Akalizunguka kama bwana harusi. "Tusikie hili kwanza," alisema.

"Wengi huanza na hilo," Fundi Waya akasema, akachomeka flashi waliyokuja nayo, yenye yale mazoezi ya kwaya.

Wimbo ulipoanza, besi ilipiga mpaka skrubu zilizokuwa kwenye bakuli zikacheza. Randa alihisi mtetemo ukimpanda kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye meno. Akacheka peke yake. "Hili! Mtaa mzima utasikia!"

Mkewe alikuwa amefumba macho. "Mtaa utasikia ngurumo," alisema. "Mtoto yuko wapi?"

"Mama ana masikio," Fundi Waya akasema, akapunguza sauti. "Boksi hili limezaliwa kwa ajili ya kuchezea dansi. Sauti nzito linazipiga, nyembamba linazipiga, za katikati linazimeza. Na msichana anayeimba sauti ya pili, makao yake ni hapo hapo katikati. Halafu liko moja. Kwaya nzima, wa kushoto na wa kulia, wanatokea mlango mmoja wakikanyagana."

Randa aliziaga zile taa kwa jicho la huzuni.

Zikafuata spika za masikioni. Hizo zilikuwa safi kiasi kwamba Randa aligeuka nyuma, akidhani kuna mtu amekohoa dukani, kumbe amekohoa mwanakwaya. Tatizo lilikuwa kuhesabu vichwa.

"Tuko watatu," mkewe akasema. "Tukopeshane masikio? Na mama mkwe akizivaa hizo, tusahau kuzipata tena."

Zikaja spika mbili ndogo za plastiki. Randa alizigonga kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga ubao kabla ya kuununua. "Zinalia kabla hazijaambiwa zilie," alisema.

"Wewe ni seremala," Fundi Waya akamwambia.

"Umejuaje?"

"Mwenye duka la nguo hushika kitambaa. Wewe unapiga hodi. Hebu ngoja."

Akapanda kwenye kigoda, akashusha kutoka rafu ya juu kabisa jozi iliyovaa vumbi. Zilikuwa za mbao, zimetumika, kona moja imechubuka. Randa akaipokea ya kwanza na kushtuka kwa uzito wake. Akaigonga. Ikarudisha kishindo kifupi kilichoshiba, basi, kimya. Akapitisha kidole kwenye kiungo cha kona na hakuona pa kuingiza ukucha.

"Aliyeunga hapa alikuwa mtu na heshima zake," alisema kwa sauti ya msikitini. "Tunachukua hizi."

"Tulia, fundi. Uzuri wa ngoma ni mlio wake. Sikiliza kwanza." Akazipanga mezani, moja huku, moja kule, akamsimamisha Randa katikati. "Hii ni sauti ya tenisi ya meza. Funga macho."

Mpira ukagonga kushoto. Ukagonga kulia. Kushoto, kulia, tik, tok, na mkewe Randa akashika mdomo kuzuia kicheko, kwa sababu mumewe, macho yamefungwa, alikuwa anageuza shingo kama mtazamaji wa kiti cha mbele.

"Mpira umenipita hapa!" Randa alisema, akionyesha pua yake. "Umenipita kabisa!"

Kisha ikachezwa kwaya, na duka likapanuka. Sauti nzito zikakaa chini na nyuma, nyembamba zikapanda juu, na kati yake pakaonekana nafasi, kama chumba kilichotolewa fanicha za ziada. Mkewe alifumbua macho ghafla.

"Rudisha nyuma."

Fundi Waya akarudisha.

"Huyo!" Alimshika mumewe mkono, kucha zikamwingia. "Huyo hapo, umemsikia? Anavuta pumzi kidogo kabla ya neno la mwisho. Tangu yuko mdogo!"

Randa alisikiliza kwa nguvu zake zote. Aliwasikia watu wengi wazuri. Binti yake hakumsikia. Akaitikia kwa kichwa, lakini mwanamke uliyelala naye miaka ishirini na mitatu humdanganyi kwa kichwa, naye akamfinya taratibu. "Utamsikia kesho," alisema.

Kabla ya kuondoka, Fundi Waya aliuliza kama tundu la sauti la kompyuta yao linakoroma. Randa akasema linakoroma kuliko mama yake. Basi akawapa na kadi ya sauti, kitu cha ukubwa wa kiberiti kinachochomekwa kwenye tundu la flashi, ili kukata huo mkoromo. Na wosia juu: "Zisiegemee ukuta. Ziwe kimo cha masikio ya mtu aliyekaa. Na popote zitakapokaa pasitikisike."

Walipofika nyumbani Randa alizifunga kwa hamu, akaujaribu mpira wa tenisi, ambao Fundi Waya alikuwa amemtilia kwenye flashi, kushoto kushoto, kulia kulia, sawasawa. Akafungulia kwaya. Puu! Sauti ikatoka nzito na yenye ukungu, kama watu wanaoimba ndani ya pipa, na chini yake kitu kikavuma mfululizo. Randa alikagua waya hadi waya. Jasho likamtoka. Lile boksi la taa angelilaumu, lakini hizi alizichagua mwenyewe kwa kuzigonga.

"Kinachovuma ni meza," mama yake alisema kutoka kwenye kochi.

Wakaitazama meza ya kompyuta. Ilikuwa ya ubao mwembamba, na mguu wake mmoja ulikuwa umewekewa kipande cha kadibodi tangu walipohamia. Randa aliiwekea kiganja juu, akausikia mvumo ukimtekenya.

"Mganga hajigangi," mama akaendelea, bila huruma. "Watu wanatoka mbali kuja kununua meza kwako. Wangeiona hii!"

Mkewe alicheka mpaka akajifuta machozi, na Randa naye, baada ya kukunja uso kidogo, akashindwa kujizuia.

Jumamosi asubuhi na mapema alikuwa karakana. Alirudi kwanza nyumbani na futi ya chuma, akamkalisha mama yake kwenye kochi, akapima kutoka sakafuni mpaka sikioni mwake.

"Miaka yote hii sijawahi kupimwa sikio," mama alisema, akakaa wima kama anayepigwa picha.

Randa akarudi karakana, akachagua masalio ya mbao ngumu aliyokuwa ameyahifadhi bila kujua anayahifadhia nini. Akakata, akaranda, akaunga kwa vishikizo vya mbao bila msumari hata mmoja, maana msumari ungeweza kuleta kelele. Saa tisa alasiri akaingia sebuleni na stuli mbili ndefu, nzito, miguu mitatu mitatu ili zisijue kuyumba. Akaziweka mbali na ukuta, akapandisha spika, akaunganisha. Mvumo ulikuwa umekufa. Mkewe alimpiga tu begani, pa!

Saa kumi kamili picha ikatokea. Ukumbi, mapazia, mwalimu wa kwaya mwenye koti refu anaingia, anainama, anainua mikono, na hapo hapo picha ikaganda.

"Ah! Jamani!" Randa akarukia kompyuta.

"Usiguse!" mkewe akafoka. "Sikiliza!"

Picha ilikuwa imekwama, mwalimu mikono juu kama aliyekamatwa na polisi, lakini sauti haikukwama. Kwaya iliingia, watu arobaini kwa pumzi moja, na sebule ile ndogo ikawa ukumbi. Randa alisogea kwenye spika ya kushoto, akakaribia kuibusu. Wimbo wa kwanza ukaisha. Hakumpata. Wa pili ukaanza.

"Unafanya nini huko?" mkewe akauliza. Yeye alikuwa upande wa kulia, macho amefumba. "Yuko huku."

"Amesema kushoto!"

"Yuko huku nakwambia."

"Waya nimezijaribu mwenyewe! Kushoto ni hapa!"

"Wewe umefunga waya, mimi nimemzaa. Njoo huku!"

Akaenda, shingo upande. Akasimama karibu na bega la mkewe, akafumba macho. Mwanzo aliusikia ukuta wa sauti tu. Kisha mkewe akaanza kupiga kidole kwenye mkono wake, taratibu, kufuatana na sauti moja, na Randa akakifuata kidole kile kama anavyofuata mshipa wa ubao. Sauti ilipita chini ya nyingine, haikujisukuma mbele, ikapanda kidogo, ikavuta kapumzi, ikalimaliza neno. Ilikuwa sauti iliyowahi kukaa juu ya lundo la maranda karakanani, miguu ikining'inia, ikiimba kupita kelele za msumeno.

"Huyo," Randa alisema. "Huyo! Ndiye huyo! Mama, yule pale!"

"Nimeshamsikia zamani," mama akasema. "Nyamaza tusikie."

Picha ikaamka katikati ya wimbo wa tatu. Kamera ilipita polepole juu ya nyuso, na pale nyuma ya kijana mrefu kama nguzo, upande wa kulia wa kioo, likaonekana nusu paji la uso na jicho moja linalong'aa. Wote watatu wakapiga kelele kwa pamoja. Jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna heri, akavutwa mkono, akaketishwa, akaambiwa ni spika ipi ya kusikiliza.

Makofi ya ukumbi yalikuwa hayajatulia vizuri simu ikaita.

"Mlinisikia?" Binti alikuwa anahema.

Randa, aliyepokea, akaisogeza simu kati yao. Mkewe akaichukua simu. "Tumekusikia, mama. Mstari kwa mstari. Ila baba yako alikuwa anakutafuta kushoto."

"Si nilimwambia kushoto?"

"Kushoto kwa nani?"

Binti akacheka. "Kushoto kwangu mimi! Ninyi mnatutazama, kwenu ni kulia! Lo, baba, nisamehe!"

"Nipeni na mimi," bibi yake akasema, akainyakua simu na kuishika kwa mikono miwili. "Mjukuu wangu, mmeimba vizuri sana, Mungu awabariki. Lakini mwisho wa ule wimbo wa tatu, ninyi wa upande wenu mmechelewa kunyamaza."

Upande wa pili pakalipuka ukelele uliosikika chumba kizima. "Bibi! Tulichelewa kweli! Hata mwalimu hakugundua! Umesikiaje?"

"Nina spika," bibi akajibu, na Randa akacheka mpaka akalazimika kukaa chini, sakafuni, kati ya stuli zake mbili.